Gundi Isiyoshika

Mwalimu mkuu hakutaka kuketi. Alisimama kando ya kiti cha matibabu, akafungua mkoba, akatoa kiberiti na kukisukuma taratibu kwa kidole gumba. Ndani yake, juu ya pamba, kulikuwa na kipande cheupe chenye ukubwa wa punje ya mchele.

"Daktari," alisema, "nimekurudishia mali yako."

Daktari wa meno alikipokea kwa koleo ndogo. Hakuhitaji kuuliza ni nini. Alikuwa amekiunda mwenyewe ndani ya jino la mama huyu, na mwezi ulikuwa haujaisha.

"Kimetoka lini?"

"Jana asubuhi, nikiwahutubia watoto habari za usafi. Kikaruka. Mtoto wa mstari wa mbele akakiokota, akaniletea mbele ya wote. Akasema, Mwalimu, umeangusha jino. Sasa kila nikipita wananitazama miguuni, kama kuna lingine."

Msaidizi, aliyekuwa akipanga vifaa kwenye sinia, alishindwa kujizuia. "Mshukuru Mungu hukukimeza, Mwalimu. Tungekaa hapa tukikisubiri mpaka kesho."

Mwalimu mkuu aliangua kicheko, na hasira yake ikapungua nusu. Daktari hakucheka. Alikuwa amekwisha kukipeleka kile kipande chini ya taa na kukigeuza tumbo juu.

Upande wa chini ulikuwa laini, uking'aa. Hilo ndilo lililomchoma. Kizibo cha jino kilichoshika vizuri hakitoki kizima. Kikilazimishwa huvunjika na kuacha mabaki yake juu ya jino. Kazi yenyewe huenda hivi: kwanza jino hupakwa tindikali kidogo, nayo hufungua vitundu ambavyo jicho halivioni. Jino huoshwa, hukaushwa kwa hewa, kisha hupakwa gundi nyepesi kama maji. Gundi huingia katika vile vitundu, humulikwa na taa ya buluu, ikagandia humo kama mizizi. Juu yake ndipo kizibo hujengwa. Mizizi hiyo ikishika, mtu atatafuna mpaka azeeke. Kipande hiki kilikuwa kimetoka safi kama yai lililomenywa. Hakikuwa na mzizi hata mmoja.

Tena hakikuwa cha kwanza. Dereva wa teksi alirudi juma lililopita, akisema kwa sauti ya kusikika barabarani kwamba kizibo chake kimeng'olewa na mkate. Kabla yake alirudi muuza duka la jirani. Huyo hakusema lolote, alifungua tu mdomo na kuonyesha. Kwa miaka yote ya kazi yake, watu walikuwa wakisema kwamba Daktari akikuziba jino, kizibo utazikwa nacho. Sasa alikuwa akiamka asubuhi na kujiuliza leo nani atakuja na kiberiti.

Aliliziba upya jino la mwalimu mkuu. Msaidizi alipokwenda chumba cha pili kuosha vifaa, mwalimu mkuu aliuliza kwa upole, kama mtu anayeulizia mgonjwa, "Lakini Daktari, shida ni nini hasa?"

Daktari alivua glovu. Alitafuta jibu, na lililokuwa karibu ndilo lililomtoka.

"Mate, Mwalimu. Tone moja likigusa jino kabla ya gundi, kazi yote imeharibika. Na msaidizi wangu, unamjua. Ana mdomo. Watu wanacheka, mate yanaingia. Nitamkanya."

Mlango wa chumba cha pili ulikuwa wazi. Maji ya bomba yaliyokuwa yakimwagika kule ndani yalikatika ghafla, kisha yakaanza tena.

Msaidizi huyo alikuwa wifi yake, mdogo wa mwisho wa mumewe. Wagonjwa walimwita Chiriku, na yeye aliitika bila kinyongo. Alifika kliniki siku ilipofunguliwa, akaja kupiga deki tu, na hakuondoka tena. Alijifunza kuweka pamba shavuni, kushika mrija wa kunyonya mate, kumshika mgonjwa bega kabla hajajua kama anaogopa. Wapo waliosema waziwazi kwamba wasingekuja bila yeye. Lakini ni kweli kwamba alisema kutoka saa ya kufungua hadi ya kufunga, na mtu aliyelala kinywa wazi akichekeshwa, ulimi huinuka na pamba hulowa. Daktari alilipindua jambo hilo kichwani jioni nzima, akalala nalo, akaamka nalo.

"Wifi," alimwambia kesho yake, "kuanzia leo nikishika gundi sitaki mtu aongee."

"Hata kupumua?"

"Pumua kwa pua."

"Basi na mimi nitajitia pamba," alisema Chiriku, na kweli akachukua kijipamba kirefu, akakibana katikati ya meno yake na kusimama wima kama askari. Mgonjwa aliyekuwa kitini alicheka mpaka mrija ukamponyoka.

"Sitanii, wifi."

Chiriku alimtazama. Alikitoa kile kijipamba, akakitupa kwenye pipa. Tangu hapo hakusema neno ndani ya chumba kile.

Kliniki ikawa kimya. Saa ya ukutani ilisikika. Viatu vya wapita njia vilisikika. Hata ile mashine ya kujaza hewa ya kukaushia meno, iliyokuwa kwenye kibanda nyuma ya nyumba na zamani ikilia kama mbuzi aliyefungiwa, siku hizi ilifanya kazi yake polepole na kwa adabu, kana kwamba nayo imekanywa. Wagonjwa walilala wakikaza vidole kwenye mikono ya kiti. Daktari alipata utulivu alioutaka, na roho yake haikutulia hata kidogo.

Katika kimya hicho ndipo alipoliziba jino la mumewe.

Mumewe alikuwa fundi wa vyerehani, na mtaani hakuwa na jina jingine ila Fundi. Mfukoni mwa shati lake lilikaa daima kopo dogo la mafuta lenye mdomo mrefu kama wa mbu. Hakuweza kustahimili kitu kinacholia. Bawaba za majirani, mageti, kitanda cha mkwewe, kigari cha kusukumia mtoto wa mgeni, vyote vilikwisha kunyamazishwa naye bila kuulizwa. Alilala kwenye kiti cha mkewe kwa heshima, akafumba macho, akaacha jino lake lipakwe tindikali, lioshwe, likaushwe, lipakwe gundi, limulikwe. Dada yake alishika mrija bila kutikisika. Hakuna aliyecheka. Hakuna mate yaliyoingia. Daktari angeweza kuapa.

Siku ya Ijumaa, wakati wa chakula cha mchana, Fundi aliacha kutafuna. Alipeleka ulimi upande wa kushoto, akaurudisha, akaingiza vidole viwili mdomoni.

"Mama watoto," alisema, "usikasirike."

Alikiweka kile kipande ukingoni mwa sahani. Kilikuwa kizima, laini, kinang'aa tumboni. Chiriku, aliyekuwa ameketi mkabala nao, alikitazama, akamtazama kaka yake, kisha akaendelea kula.

Daktari aliinuka, akazunguka meza, akaketi tena. Miguu yake ilikuwa haitaki kukaa chini ya meza. Akilini alikuwa akihesabu makosa yasiyokuwa yake. Si gundi, maana aliifungua yeye. Si taa, maana aliipima. Mkono wake ulikuwa ule ule wa siku zote. Kilichobaki ni pamba. Pamba iliyowekwa upande, iliyochelewa kubadilishwa, iliyowekwa na mtu aliyekasirika.

"Wifi," alisema, "nafikiri upumzike kidogo."

Kijiko cha Fundi kilisimama hewani.

"Nipumzike," alisema Chiriku. "Niliponyamaza hamkuridhika, sasa nipotee kabisa."

"Sikusema upotee."

"Hukusema. Ulimwambia mwalimu mkuu." Alikunja kitambaa chake cha kufutia mikono, pembe kwa pembe. "Dada mkubwa ananiita kila siku nikamsaidie kulea. Jumapili kuna basi la saa nane. Mtapata kimya cha kutosha, wifi yangu. Mtakichota kwa ndoo."

Fundi aliweka kijiko chini. Alikuwa kati ya mke na dada, na kila alikogeuka palikuwa na ukuta. Mwishowe alitoa kopo lake na kuanza kupaka mafuta kiti alichokuwa amekalia, ingawa hakikuwa kikilia.

Jumamosi ilipita hivyo hivyo. Daktari alifanya kazi peke yake, akiweka pamba mwenyewe, akishika mrija kwa mkono mmoja na kioo kwa mwingine, akakatisha miadi kabla ya adhuhuri. Nyumbani aliona begi limefunguliwa juu ya kitanda cha Chiriku na nguo zimepangwa kando. Alipita mlangoni mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alitaka kusema kitu, lakini alitaka kwanza ajue. Iwapo wifi yake amekosea, basi aende. Iwapo hakukosea, basi nani?

Jumapili asubuhi alichukua funguo na kwenda kliniki bila kumwambia mtu.

Kabatini kulikuwa na chupa ya meno yaliyong'olewa miaka iliyopita, yakielea ndani ya maji kama kokoto. Alichagua kadhaa, akayasugua kwenye msasa mpaka kila moja likawa na uso bapa. Akayapanda ndani ya plasta iliyokorogwa, safu moja, kama miche kitaluni. Kisha akavaa glovu na kuanza, kwa utaratibu ule ule anaoufuata kila siku: tindikali, maji, hewa, gundi, taa, kizibo. Akasubiri. Akachukua chuma butu, akakisukuma kizibo cha kwanza kutoka ubavuni.

Kilitoka bila ubishi.

Cha pili kikatoka. Akavunja muhuri wa chupa mpya ya gundi, ambayo haijaguswa na mtu, akaweka cha tatu. Nacho kilitoka, kikaruka, kikagonga dirisha.

Daktari aliketi kwenye kile kiti cha wagonjwa. Mbele yake palikuwa na meno yasiyokuwa na kinywa. Hayakuwa na ulimi wala mate. Hakuna aliyeyachekesha. Na bado gundi haikushika. Ilimchukua muda kukubali maana yake, si kwa kuwa ilikuwa ngumu, bali kwa sababu ilikuwa nyepesi mno: wifi yake hakuwa na kosa lolote, na tayari alikuwa akifunga begi.

Alisimama kwenda nyumbani, akafika mlangoni, akarudi. Angesema nini? Kwamba si wewe, lakini sijui ni nani, na Jumatatu vizibo vitaendelea kutoka? Chiriku angemwambia, basi ulinifukuza kwa kubahatisha, na sasa unanirudisha kwa kubahatisha. Akaangalia saa. Akarudi mezani, akashika jino jingine, akalipaka tindikali.

Umeme ukakatika.

Aliguna tu. Taa ya buluu ilikuwa na betri, mwanga wa dirisha ulitosha, na maji yalikuwepo. Alipobonyeza kipulizio kukausha jino, kilitoa pumzi moja fupi pembeni na kufa. Hewa ilikuwa imekwisha kwenye tangi, na bila umeme mashine isingelijaza tena. Kwa kukosa subira alichukua kijipamba kikavu, akalifuta jino kwa kuligusagusa, akapaka gundi, akamulika, akajenga kizibo. Alisukuma.

Hakikutoka.

Alisukuma tena, kwa nguvu. Alisimama ili apate uzito. Chuma kikateleza na kumchubua kidole, na kizibo kikabaki pale pale, kimekaa kama mwenye nyumba. Alifanya jingine vilevile kwa pamba. Nalo likashika. Alipolipiga kwa ubavu wa nyundo ndogo, lilivunjika jino lenyewe.

Basi tofauti ni hewa. Lakini hewa inawezaje kuwa na kosa?

Umeme ukarudi. Taa za dari ziliwaka, na Daktari, bila kujua kwa nini, akajikuta amekaza masikio kungoja ule mlio wa mbuzi kutoka nyuma ya nyumba. Haukuja. Kulikuwa na mngurumo mwororo tu, kama wa paka aliyeshiba. Alikumbuka siku moja, nyumbani, akishika kichwa mezani na kusema, "Ile mashine itaniua, wallahi." Hakumwambia mtu afanye lolote. Ila baada ya hapo ikanyamaza, na yeye akashukuru kimoyomoyo na kusahau.

Alichukua kioo cha kutazamia meno, akakifuta mpaka kikatakata, akakipulizia hewa. Akakipeleka dirishani. Juu ya kioo kulikuwa na utando mwembamba, wenye rangi zile zinazoonekana barabarani mvua ikinyesha mahali gari lilipoegeshwa. Aliugusa. Uliteleza.

Kule kwenye kibanda hakuhitaji kutafuta sana. Mashine ile ilitengenezwa isipakwe mafuta ndani, kwa sababu hewa yake inakwenda vinywani mwa watu. Lakini tundu lake la kuvutia hewa lilikuwa limelowa, linang'aa, na kwenye msumari ukutani kilining'inia kitambaa chenye harufu anayoijua kuliko marashi yoyote. Ilikuwa harufu ya shati la mumewe.

Alifunga kliniki akaenda kwa miguu, kisha akagundua kwamba anakimbia.

Aliwakuta uani. Begi lilikuwa limefungwa, limesimama mlangoni. Fundi alikuwa amechuchumaa, akipaka mafuta magurudumu yake.

"Baba watoto," alisema Daktari akihema, "weka hilo kopo chini."

Fundi aliliweka.

"Uliipaka ile mashine ya hewa?"

"Kila Jumamosi," alijibu Fundi, na usoni mwake palikuwa na haya kidogo ya mtu aliyekamatwa akifanya wema. "Ilikuwa inalia. Nilikuona unavyokunja uso. Nikasema nisikwambie, nikufanyie tu."

Daktari alimwonyesha kioo. Hakumfokea. Alimweleza kwa maneno machache: mafuta yanaingia kwenye hewa, hewa inakausha jino, jino linabaki na utando, gundi inaelea juu ya utando na kugandia hapo bila kushika kitu. Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Yeye aliyekuwa akibandika mwenyewe viraka vya mipira ya baiskeli yake hakuhitaji kuelezwa mara mbili kuhusu gundi na mafuta. Alikaa chini kabisa, matako vumbini.

"Kwa hiyo hili jino langu," alisema, "nimejing'oa mwenyewe."

 Daktari alikuwa amegeuka kwa wifi yake.

"Nilikudhania vibaya," alisema. "Nikakutaja mbele ya watu. Sikuwa na hakika, nikasema kama mtu mwenye hakika. Nisamehe, wifi yangu. Rudi."

Chiriku alinyamaza. Kilikuwa kimya kirefu, na Daktari, aliyeomba kimya wiki nzima, alikiona kibaya kuliko vyote alivyowahi kuvisikia.

"Miaka yote hii," alisema Chiriku hatimaye, "kumbe mimi kwako ni mate."

"Wifi."

"Ngoja niseme, nimenyamaza sana." Alijifuta pua kwa kiganja. "Nitarudi. Lakini hukunisema hapa uani. Ulinisema pale kitini. Pale pale ndipo utakaponisafisha. Mwalimu mkuu, dereva, muuza duka, na wote uliowaziba tangu mashine iliponyamaza. Uwaite. Waje uwazibe upya, na kabla hawajafungua kinywa uwaambie lilikuwa kosa la hewa ya kliniki yako, si mdomo wa Chiriku. Na mimi nitakuwa nimesimama hapo nasikia."

Daktari aliwahesabu kichwani. Wote. Wangekuja kwa zamu, na mtaa mzima ungejua kwamba kwa majuma kadhaa aliyekuwa akisifiwa kwa vizibo vya kuzikwa navyo alikuwa akibandika juu ya mafuta. Alifikiria dereva wa teksi na sauti yake.

"Wote," alisema.

"Na hili begi nimelifunga kwa shida," alisema Chiriku. "Lazima liende na mtu. Kaka, basi ni saa nane."

Fundi aliinua macho kutoka vumbini kuona kama ni utani. Hakupata uhakika haraka.

Mwalimu mkuu alikuja Jumatatu. Mashine ilikuwa imefunguliwa vipande vipande nyuma ya nyumba, tangi linaoshwa, mipira yote ya zamani imetupwa. Daktari alisimama mbele ya kiti, mikono nyuma, na kusema aliyotakiwa kusema. Aliyasema vibaya, kwa kujikwaa, akarudia sehemu ya kwanza. Mwalimu mkuu alisikiliza kama anavyosikiliza watoto waliovunja dirisha, akatikisa kichwa, akalala kitini.

Jino lilipakwa tindikali, likaoshwa, likakaushwa kwa pamba.

"Mwalimu," alisema Chiriku akiwa ameshika mrija, "unajua huyu kaka yangu aliwahi kupaka mafuta kengele ya baiskeli? Akashangaa kwa nini watu hawampishi njia."

Tumbo la mwalimu mkuu lilitikisika. Daktari alisita, brashi ya gundi mkononi. Aliitazama pamba ya shavuni. Ilikuwa kavu, imebadilishwa wakati ule ule bila yeye kuona. Akapaka. Akamulika. Alipomaliza kujenga alikivuta kizibo kwa ncha ya chuma, akakivuta tena, akasukuma ubavuni.

"Daktari," alisema mwalimu mkuu kwa shida, "ukiking'oa wewe mwenyewe nitamlaumu nani?"

Mchana mashine ilifungwa upya na kuwashwa. Ilianza kulia papo hapo, mlio ule ule wa mbuzi, ukapenya ukuta na kuingia mpaka kwenye mizizi ya kichwa. Daktari alichungulia dirishani. Fundi alikuwa amesimama nje ya kibanda, amekunja uso kwa maumivu ya kweli. Mkono wake ulikwenda mfukoni mwa shati, ukapapasa, ukakuta hamna kitu. Akautazama mkono huo. Kisha akauweka nyuma ya mgongo, akaushika kwa mwenzake, akaondoka haraka bila kugeuka.